Simu Iliyoniletea Njaa

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikarudi kwenye majani chai, na huko hakuna anayekuuliza kitu. Lakini muuguzi wa kliniki yetu ya kifua aliniambia kwamba wako watu wanaokaa kwenye kiti kile nilichokalia mimi, wameshika kikopo kile cha makohozi, nao wanadhani safari yao imeisha. Akasema, "Mzee, waandikie. Wewe ulirudi." Basi ninaandika. Mnisamehe nikifurahi kupita kiasi, maana kila nikikumbuka nilivyorudi moyo wangu unakwenda mbio kama wa kijana.

Kwetu ni juu kidogo ya soko la Ikonge, upande wa Nyamira. Nina shamba dogo la chai, migomba, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mke wangu Moraa. Kuzungumza ilikuwa kazi yake. Alianza asubuhi akifungua mlango, akazungumza na ng'ombe, akazungumza na sufuria, na mimi nikaitikia "ee" pale aliponyamaza kungoja jibu. Wageni walidhani tumekosana. Hatukuwa tumekosana. Hivyo ndivyo tulivyokaa maisha yetu yote na ilitutosha.

Figo zake zilikataa kazi. Siku za mwisho nilikuwa ninamlisha uji kwa kijiko. Nilimwambia, "Moraa, meza. Meza kidogo tu." Akameza kwa ajili yangu. Halafu siku moja hakuweza tena.

Tulimzika kando ya nyumba. Watu walinitazama waone kama nitalia. Sikulia. Wengine walisema ni ushujaa, na mmoja wa shemeji zangu alisema ni moyo mgumu. Haikuwa hili wala lile. Kilio kilikataa kutoka, kikakaa humu kifuani.

Mwanangu Ombati anafanya kazi Nakuru katika duka la vipuri vya magari. Mke wake, Kemunto, alibaki nyumbani, katika nyumba yao iliyo chini ya migomba yangu. Miezi michache baada ya mazishi alijifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, kwa hiyo mtoto akaitwa Moraa. Nilifurahi, lakini jina lenyewe sikuweza kulitamka. Nilimwita "mtoto".

Hapa nieleze jambo moja kwa wasomaji wasio Wakisii. Sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Mimi siingii katika nyumba ya mwanangu akishaoa. Yeye Kemunto anaweza kufika sebuleni kwangu kuleta chai, lakini chumba ninacholala haruhusiwi kukanyaga. Hatutaniani. Hatutaji mambo ya mwili. Tukizungumza, kila mtu anatazama chini. Hii si chuki. Ni njia yetu ya kumwambia mtu kwamba yeye ni mkubwa kwako. Lakini mtajionea jinsi heshima hiyo ilivyotupa shida nilipougua.

Ugonjwa ulianza na kikohozi cha kawaida. Nilisema ni baridi ya kuchuma majani alfajiri, umande ukilowesha koti. Nikanunua dawa ya kikohozi dukani, nikamaliza chupa, nikanunua nyingine. Kikohozi kikakaa. Kisha nikaanza kutoka jasho usingizini, shuka ikawa inaloa mpaka ninaikamua. Suruali zikalegea. Nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi, na baada ya muda nikatoboa lingine. Watu wa kanisa wakaja kuniombea wakasema ni huzuni ya kufiwa. Nami nikaona ni kweli. Mtu mwenye huzuni hukonda.

Ndipo nilipokohoa damu. Ilikuwa shambani, kwenye majani mabichi, nyekundu kabisa, na mama mmoja aliyekuwa akichuma mstari wa pili akaiona kabla sijaifunika kwa kiatu. Akasema, "Baba Ombati, hiyo si huzuni. Huzuni haina damu."

Siku iliyofuata nilikwenda Nyamira. Walinipa kikopo nikatema makohozi. Walinipiga picha ya kifua. Walinipima damu, pamoja na virusi vya ukimwi, ambavyo sikuwa navyo. Daktari wa kliniki, kijana mwenye miwani, akaweka picha kwenye mwanga akanionyesha wingu jeupe upande wa kulia.

"Mzee, ni kifua kikuu. TB. Kinatibika kabisa."

"Kwa muda gani?"

"Miezi sita. Kila siku, bila kuruka hata moja. Na ule. Ukimeza dawa hizi bila chakula mwili hautazibeba."

Kumeza niliweza. Chakula ndicho kilichonishinda.

Daktari alisema kwa wiki za kwanza nikae peke yangu, madirisha wazi, nifunike mdomo nikikohoa, na mtoto apewe dawa ya kinga. Kwa hiyo nikabaki katika nyumba ile ambayo sauti yake ilikuwa imezikwa. Dawa zilibadilisha mkojo wangu ukawa wa rangi ya Fanta. Miguu ilikufa ganzi. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari. Kemunto alileta chakula, akakiweka juu ya kigoda mlangoni, akabisha, akarudi nyuma hatua kadhaa na kusema akitazama chini, "Tata, chakula." Tata ni baba kwa lugha yetu. Nami nilijibu "ee". Nikichukua tonge la kwanza koo linafunga. La pili linarudi na nyongo. Nikamwagia kuku.

Kuku wangu walinenepa. Kemunto hakuwa mjinga, aliwaona kuku. Lakini atasema nini? Moraa angekuwepo angesimama mbele yangu mikono kiunoni na kunitukana mpaka nile. Mwanangu angekuwepo angenishika bega. Kemunto hakuwa na haki ya kufanya lolote kati ya hayo. Hawezi kuja kuketi kando ya kitanda changu. Hawezi hata kuniambia, "Tata, umekonda," kwa sababu hapo tayari ametaja mwili wangu.

Niliporudi kliniki daktari alinipandisha kwenye mizani, akatazama, akaniteremsha, akanipandisha tena. "Mzee, unaniangusha," akasema. "Dawa inafanya kazi, wadudu wanapungua. Lakini wewe unapungua haraka kuliko wao." Akasema nikiendelea hivyo atanilaza na kunipitishia mpira wa chakula puani. Nilirudi nyumbani nikalala nikiutazama ukuta. Nitasema ukweli, maana nimeombwa niandike ukweli. Sikuwa ninataka kufa. Ila sikuona sababu ya kutafuna.

Simu yangu ni kabambe, zile ndogo za vitufe, zenye tochi. Mchana mmoja ililia. Nikaona jina la Kemunto. Nikashtuka, kwa sababu yeye hakuwahi kunipigia. Alikuwa hapo chini tu, ningeweza kumwita kupitia dirishani. Nikabonyeza, nikasema, "Ee?"

Hakuna aliyejibu. Nikasikia kitu kinanguruma kidogo, kisha "shaaaa", mafuta yakipokea kitunguu. Kijiko kikazunguka sufuriani. Kifuniko kikawekwa.

Nikajua mara moja kilichotokea. Ameweka simu mfukoni mwa aproni, kitufe kimejibonyeza. Na mimi, baba mkwe, nimeketi ninasikiliza jiko la mke wa mwanangu kama mwizi dirishani. Nilikata simu nikaona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Kesho yake ikalia tena. Safari hii ilikuwa maziwa yakiingia ndoo. Mwanzoni ndoo ikiwa tupu, sauti kali ya bati, kisha ikawa nzito na laini kadiri povu lilivyopanda. Nilijua ni chuchu gani inayokamuliwa, maana ile ya nyuma kushoto ina mkondo mwembamba. Nikajisahau, nikasikiliza mpaka karibu nusu ya ndoo. Kisha nikakumbuka nikakata.

Nikampigia Ombati.

"Ombati, mwambie mke wako simu yake inajipigia yenyewe."

"Inampigia nani?"

"Mimi."

"Ikikupigia inasema nini?"

"Haisemi. Jana ilikaanga vitunguu."

Alicheka mpaka nikasikia mtu wa dukani akimuuliza kuna nini. Kisha sauti yake ikashuka. "Tata, haijipigii. Anakupigia yeye. Aliniuliza, 'Nitambembelezaje baba yako ale, na hata kumtazama siwezi?' Nikamwambia sijui. Akasema basi atakupeleka jikoni kwa simu, yeye anyamaze. Akisema neno itakuwa utovu wa adabu, asiposema si kosa. Wewe ukakata. Alilia jana, alidhani amekukosea."

Nilishika simu kwa muda mrefu baada ya yeye kukata. Msichana huyu alikuwa ameitazama heshima yetu pande zote, kama mtu anayetafuta pengo katika ua, naye alilipata.

Kesho yake simu ilipolia nilipokea kabla ya mlio wa pili. Sikusema "ee". Niliiweka kwenye spika juu ya mto nikafumba macho.

Ndugu zangu, sijui nitawaelezaje furaha ya siku zile. Mtu aliyelala peke yake na kusikia kuku tu ghafla anapelekwa kila mahali. Nilipelekwa mtoni. Nilipelekwa shambani wakati wanawake wanachuma, majani yakikatika "tap, tap, tap" kama mvua ndogo, na wao wakiongea. Kemunto alikuwa amewaambia kwamba ninasikia. Kwao hapakuwa na chinsoni, kwa hiyo walinimaliza.

"Mwambieni huyo mzee majani yake yamezeeka kumshinda yeye."

"Si amelala anakula mayai."

"Mayai gani? Kuku wake ndio wanaomla yeye."

Wote wakaangua kicheko, na mimi kitandani nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Nilipelekwa sokoni Ikonge nikasikia mwanamke akigombania mkungu wa ndizi kana kwamba ni mtoto wake. Nilisikia mvua ikitoka kilimani, ikipiga kwanza majani ya migomba ya jirani, kisha bati la Kemunto, na baada ya muda mfupi ikafika kwenye bati langu mwenyewe, nikawa ninaisikia mara mbili. Jambo dogo hilo. Lakini niliketi kitandani nikitabasamu peke yangu.

Nikaanza kungoja. Asubuhi nilichaji simu kabla ya kunawa uso. Nilijiuliza, leo ni nini? Na njaa nayo ilianza kuchungulia. Alipochemsha chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, nikasikia akimwaga maji ya kwanza, akatia maziwa, akafunika kwenye moto mdogo, mate yalinijaa mdomoni. Chakula kilipofika kigodani nilikula matonge matatu. Yalikaa. Matatu si mengi, lakini mimi niliyahisi kama karamu.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilipanda tu. Haikuwa hivyo. Kabla ya mwezi kuisha maumivu yaliniingia ubavuni. Nikivuta pumzi ni kama kisu. Nikawa siwezi kulala chali, nikiongea maneno mawili ninapumzika. Ombati alikuja kutoka Nakuru, akanipeleka Kisii mjini, hospitali kubwa. Picha ikaonyesha maji yamejaa kati ya pafu na mbavu. Daktari mwanamke alinikalisha nimekumbatia mto, akachoma sindano ndefu mgongoni, na maji ya rangi ya chai nyepesi yakaanza kutoka, chupa ikajaa, akaleta nyingine. Alisema, "Vumilia, mzee, umekuwa ukitembea na kisima."

Nililazwa katika wodi ya kifua. Njaa ile ndogo ikanitoroka. Sahani zilikuja zikarudi. Daktari wa huko naye akaleta habari ya mpira wa puani, na safari hii alimwambia muuguzi autayarishe kwa kesho yake.

Kwenye kitanda cha karibu alikuwepo mzee mmoja wa Tabaka, Onchari, mchongaji wa mawe. Vumbi la mawe na TB vilikuwa vimekutana ndani yake. Alikuwa na mbavu za kuhesabika na mdomo usiochoka. Simu yangu ilipolia siku ya kwanza, nikaweka spika, wodi nzima ikasikia maziwa yakiingia ndoo.

"Ni redio gani hiyo?" Onchari akauliza.

"Ni ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako ana namba?"

Nilimweleza. Akachukua simu yake akampigia mke wake. "Bosibori, nenda pale vijana wanapochonga uniwekee simu karibu. Usiongee. Nimesema usiongee, mwanamke." Tukasikia tupa ikikwaruza jiwe, na msasa ukisuguliwa ndani ya maji, sauti laini kama mtu anayemtuliza mtoto. Onchari alifumba macho. Baadaye akasema, "Huyo mpuuzi anaharakisha shingo ya twiga. Itakatika." Ikakatika kweli, tukaisikia, na tusi lililofuata sitaliandika hapa. Wodi ilicheka mpaka muuguzi akaja kuona.

Baada ya hapo kila mgonjwa alitaka yake. Kijana mmoja aliletewa mechi ya mpira ya uwanja wa shule, mpira ukigongwa na watoto wakipiga kelele. Mwalimu mmoja wa Kiogoro aliletewa darasa lake likiimba hesabu. Tulikuwa watu wenye mirija na barakoa, lakini ungesimama mlangoni ungedhani ni sokoni.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, kesho ile ya mpira wa puani. Bakuli la uji lilikuwa juu ya meza yangu, limefanya ngozi. Muuguzi alikuwa amesema akirudi na kulikuta limejaa, ataleta mpira. Simu ikalia. Nikaweka spika.

Nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Kisha sauti ya Kemunto, lakini hakuwa akiongea na mimi. Alikuwa akimlisha mtoto.

"Moraa, meza. Fungua mdomo, mama. Moraa, meza kidogo tu."

Sikujua kitakachonipata. Maneno yalikuwa yaleyale niliyosema mimi nikishika kijiko, na jina ni lilelile. Na kule upande wa pili, Moraa akameza. Nilimsikia akimeza, akabwabwaja, akataka kingine.

Kitu kikapasuka kifuani. Nililia. Sikulia machozi ya pembeni, nililia kwa sauti, kama ng'ombe. Nilimlilia mke wangu kilio chote nilichokuwa nimekosa kaburini, mbele ya watu wazima wa wodi nzima, na simu ikiwa wazi. Nilipokumbuka kwamba Kemunto anasikia, baba mkwe analia sikioni mwake, nilitaka kufa kwa aibu. Nikapapasa vitufe nikate. Sikukiona kitufe kwa machozi.

Onchari akanyoosha mkono wake mrefu akaichukua simu.

"Binti," akasema. "Ni mimi mzee wa kitanda cha pili. Uko hapo?"

"Niko." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Usikate. Hujafanya kosa. Huyu analia vizuri, mwache alie. Endelea kumlisha mtoto."

Kijiko kikaanza tena kugonga bakuli. "Moraa, meza." Hakukata. Na mimi sikuacha kulia. Alimlisha mtoto uji wote, polepole, na kilio kikapungua jinsi uji ulivyopungua, mpaka nikabaki nikivuta pua tu.

Onchari akanirudishia simu, akausukuma uji wangu karibu. "Haya. Mwenzako amemaliza bakuli lake na hana hata meno."

Nikaondoa ile ngozi ya juu. Nikanywa. Ulikuwa baridi na sukari haikutosha, na niliumaliza. Muuguzi aliporudi na mpira wake alitazama bakuli, akamtazama Onchari, akamuuliza, "Ni wewe umekunywa?" Onchari akasema, "Sista, mimi ninangoja kilichobaki, naye amelamba."

Mpira ule ulirudishwa kabatini. Jioni niliomba mkate.

Nilimuuliza daktari kama ni kilio kilichofungua koo. Alisema huenda ni maji kuondoka ubavuni, au mwili kuzoea dawa, au yote pamoja. Mimi pia sijui, na sitawadanganya. Simu haikuua wadudu wa TB. Dawa ndizo zilizoua, na bila dawa ningekuwa nimelala kando ya nyumba pamoja na mke wangu. Lakini dawa zinahitaji mtu anayetaka kuishi azimeze, na huyo mtu alikuwa amepotea. Kemunto ndiye aliyekwenda kumtafuta.

Nilirudi nyumbani nikila. Nilikula mpaka kuku wakaanza kunilaumu. Onchari naye alitoka baadaye, anameza dawa zake, na hunipigia bila sababu yoyote ili nisikie tu jiwe likisuguliwa. Hatusemi hujambo. Tunasikiliza kidogo halafu mmoja anakata.

Kwako wewe uliye kwenye kiti kile, nina machache ya kusema. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapimwe, usingoje damu kama mimi. Meza dawa mpaka siku ya mwisho hata ukijiona mzima. Usione aibu kufunika mdomo wala kuwaambia watu wa nyumbani wapimwe. Na wewe mwenye mgonjwa, usimpigie kila siku kumuuliza anaendeleaje. Anaendelea vibaya, na anachoka kukuambia hivyo. Mpeleke mahali. Weka simu karibu na sufuria, au dirishani mvua ikinyesha, au kwenye kikundi cha wanawake wanaosengenya. Simu yoyote inatosha.

Siku ya mwisho ya miezi sita nilikwenda Nyamira peke yangu. Makohozi yalikuwa yamepimwa. Yule daktari kijana aliweka kifaa chake mgongoni mwangu, akaniambia nivute pumzi, nikavuta, ikashuka mpaka chini bila kisu. Alivua miwani.

"Mzee, umepona."

Nilitaka kumshukuru lakini maneno yalinikimbia, kama kawaida yangu. Nikatoa kabambe mfukoni, nikampigia Kemunto. Alipokea. Basi niliielekeza simu kwenye mdomo wa daktari.

"Sema tena," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kisha akaelewa, akainama karibu na simu.

"Mzee amepona. Hana TB."

Vigelegele vikatoka katika kile kisimu mpaka spika ikakwaruza. Hakuwa peke yake. Alikuwa shambani, na wanawake wote walikuwa naye, na kila mmoja akapokea kwa zamu. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje walisimama kuchungulia mlangoni. Daktari alikuwa akicheka.

"Sasa na wewe sema kitu, mzee," akaniambia. "Wanakungoja."

Nikaileta simu mdomoni.

"Kemunto," nikasema, "teleka maji ya ugali. Ninakuja na njaa."